Nikope milioni sita nifungue studio ya picha?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 39. Picha nimezipenda tangu darasa la tano, marehemu baba aliponifundisha kutumia Yashica FX-3 yake. Sasa nina Canon 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Ndugu na walimu wenzangu wakiwa na shughuli wananiita, mwisho wa siku napewa soda na asante, mara mojamoja elfu thelathini. Kila mtu ananiambia nina kipaji, nifanye biashara. Benki iko tayari kunikopesha milioni 6 kupitia mshahara, nimewaza ninunue kamera kubwa na kupanga fremu ya duka karibu na stendi. Mume wangu anasema nitakosa vyote, mshahara na raha ya kamera. Juzi nimepiga harusi kwa 250,000 na mpaka leo sijui kama nimepata au nimepatikana. Nikope? Niache kazi? Na kamera ya baba bado ina kazi, au ibaki kabatini kama kumbukumbu?"

Mwalimu, umeuliza mengi, lakini nimeona chini yake kuna hofu moja: kwamba siku utakapoanza kudai pesa, kitu ulichoachiwa na baba yako kitageuka mzigo. Nikujibu kwanza, kisha nieleze. Usikope sasa. Usiache kazi. Harusi ile umepata, ila kidogo kuliko unavyodhani. Na biashara unayo, tena iko karibu na nyumbani kwako kuliko stendi.

Tuanze na hiyo sifa ya kipaji. Wanaokusifu wanaangalia picha zilizokwisha kupigwa. Mteja anapokulipa kishika nafasi, harusi bado haijafika na hana picha ya kuangalia. Ananunua uhakika: kwamba utafika kabla ya bwana harusi, betri hazitakufa katikati ya ndoa, picha zitakuwepo, na zitamfikia siku mliyoahidiana. Uzuri wa picha anauhesabu kuwa umo tayari. Mimi nilijifunza hili vibaya. Mwaka 2011 nilipiga harusi nzima kwa kadi moja ya kuhifadhia picha, na usiku ule kadi ikagoma kusomeka. Nikaipeleka kwa mafundi wawili, hawakuokoa hata picha moja. Nikamrudishia mama wa bibi harusi pesa yake yote. Akaihesabu, akaiweka mezani, akaniambia, "Pesa ninayo, mwanangu. Picha ndiyo sina." Tangu siku hiyo nabadilisha kadi mara ndoa inapomalizika, ile ya kwanza naifungia kwenye mfuko wenye zipu, na nikifika nyumbani sili chakula kabla picha hazijakaa mahali pawili. Kamera yako ina tundu moja tu la kadi, haiwezi kuandika picha kwenye kadi mbili kwa pamoja. Pengo hilo utaliziba kwa nidhamu, na nidhamu haihitaji mkopo.

Sasa ile 250,000. Chukua daftari tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo wapiga picha wengi wanapofia bila kujua. Kukutana na maharusi na kamati, saa moja na nusu. Siku yenyewe, kuanzia nyumbani kwa bibi harusi mpaka ukumbini, saa nane. Kuhamisha picha na kuzihifadhi, saa moja. Kuchambua picha 1,400 mpaka zibaki 200, saa nne. Kuzihariri hizo 200, dakika tatu kila moja, ni dakika 600, yaani saa kumi kamili. Kupanga na kukabidhi, saa tatu. Simu za "picha zetu vipi" na ujumbe wa "hii nipunguzie tumbo", saa moja na nusu. Jumla ni saa 29. Wewe ulihesabu saa nane kwa sababu ndizo ulizosimama.

Matumizi nayo: nauli 20,000, msaidizi wa kubeba taa 30,000, bando 10,000, flashi ya kuwekea picha 15,000, betri za taa 5,000. Ni 80,000. Halafu kuna gharama isiyoonekana, kuchakaa kwa kamera. Kamera nyingi za daraja lako hukadiriwa kustahimili mibofyo kama 100,000 hivi kabla shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, haijaanza kuchoka. Ukipiga harusi 24 kwa mwaka, picha 1,400 kila moja, kwa miaka mitatu umefika hapo. Kama kamera, lenzi na taa vitakugharimu 3,600,000 kuvinunua upya, zigawe kwa harusi 72: ni 50,000 kila harusi. Kwa hiyo katika 250,000, mtaji umekula 130,000 na mkononi umebakiwa na 120,000. Gawa kwa saa 29. Umelipwa kama 4,100 kwa saa, na bado hatujazungumzia kodi.

Sikuambii uikatae bei hiyo kwa mtu wa kwanza au wa pili, maana bado unajenga jina. Nakuambia uijue. Ukitaka saa yako iwe 8,000, harusi hiyohiyo ni 362,000. Namba hizo ni za mfano. Weka zako, kwa sababu nauli ya Muheza si ya Chumbageni, na mwingine huchukua dakika moja kwa picha pale mimi ninapochukua tano. Ila usipige simu kumuuliza mpiga picha mwenzako "wewe unachaji ngapi" ukaishia hapo. Huenda na yeye alimuuliza mwingine, na mwanzo wa foleni hiyo alikuwa mtu ambaye hakuwahi kushika daftari.

Jambo jingine kuhusu bei ambalo watu hawalioni: kamati ya harusi hugawa bajeti mapema. Ukumbi, chakula, mapambo na muziki hutangulia. Mpiga picha anayekuja wiki mbili kabla anakuta makombo ya bajeti, kisha analalamika kwamba watu wa Tanga hawathamini picha. Mtafute mwekahazina wa kamati kabla kadi za michango hazijamaliza kusambazwa. Nimeona mtu huyohuyo, na picha zilezile, akipata bei mbili tofauti kwa sababu ya wiki sita tu.

Tuje kwenye kamera kubwa. Nadhani unaitaka kwa sababu picha za ukumbini zinakuja na giza na chengachenga. Tatizo ni la kweli, ila umemshika mtu siye. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mpaka 55, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ya f ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ndogo ya 50mm yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, kwa kasi ileile ya shata hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Hakuna mwili wa kamera utakaokupa tofauti hiyo kwa pesa hiyo. Ubaya wake ni kwamba kwenye 700D inaona kwa ufinyu, kama lenzi ya 80mm kwenye kamera kubwa. Chumbani mgongo utagonga ukuta kabla familia haijaenea kwenye picha. Kwa hiyo ya 18-55 usiiuze. Itumie kwa makundi pamoja na taa ya juu ya kamera, na taa hiyo igeuze ipige dari au ukuta mweupe ili mwanga urudi umelainika. Ukimpiga mtu nayo usoni, jasho la poda litang'aa kama mafuta.

Kuna na kosa lililo dogo zaidi, ambalo halihitaji kununua chochote. Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kuamini kwamba kila unachokielekezea, ukikichanganya chote, ni kijivu cha wastani. Ukijaza fremu na shela nyeupe, kamera inaona "mwanga umezidi", inapunguza, na uso wa bibi harusi mweusi unazama. Ukimpiga katikati ya shangazi zake waliovaa mabuibui, inaona "giza limezidi", inaongeza, na shela inageuka karatasi isiyo na mkunjo hata mmoja. Kwenye kamera yako kuna kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kishike, zungusha gurudumu: weupe ukijaa, ongeza, weusi ukijaa, punguza. Fanya jaribio nyumbani wikiendi hii. Mkalishe mtu mbele ya shuka nyeupe, kisha mbele ya buibui lililotundikwa ukutani, umpige kwa hatua tano tofauti, halafu angalia shavu lake tu. Ukilielewa shavu hilo, nusu ya unachokitafuta kwenye kamera mpya umekwisha kukipata.

Mkopo sasa. Milioni 6 kwa miaka mitatu, tuseme kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye deni linalobaki, ni kama 211,000 kila mwezi. Ukibaki na 120,000 kwa harusi, unahitaji harusi mbili kila mwezi za kuihudumia benki, na huko nyumbani hamjanunua hata sukari. Na harusi haziji kila mwezi. Rajabu na Shaabani utakimbizana, wakati mwingine tatu kwa wikiendi moja, kisha Ramadhani inaingia na simu inanyamaza mpaka mfungo mosi. Upande wa makanisa kuna Kwaresima. Makato ya mshahara hayajui Ramadhani wala Kwaresima. Mkopo unakuwa na akili pale unapokuwa na wateja unaowakataa kwa kukosa kifaa fulani, na unaweza kukitaja kifaa hicho kwa jina. Wewe hujafika hapo. Lenzi ya 50mm, taa moja, kadi mbili za ziada na diski mbili za kuhifadhia unaweza kuvinunua kimojakimoja kwa pesa ya harusi nne au tano zijazo. Kifaa usichokitumia kila wiki, kikodi.

Fremu ya stendi naiogopa zaidi ya mkopo. Picha za pasipoti saizi siku hizi zinapigwa na kila duka la steshenari lenye printa, na wewe saa hizo uko darasani. Utamwajiri kijana, utamlipa, na utalipa kodi ya pango miezi sita mbele. Najua mvuto wa studio. Nami nimekua nikizipenda. Capital Art Studio ya Zanzibar, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit aliiendeleza hapohapo Mji Mkongwe, na Lamu alikuwepo Omar Said Bakor na Bakor Studio yake. Lakini wakati wao kamera ilikuwa ya mwenye studio, na mtu akitaka picha ya Idi alilazimika kuvaa na kwenda kwake. Walichobaki nacho chenye thamani ni hazina ya picha walizozitunza miaka nenda miaka rudi, mjukuu akija kutafuta sura ya bibi yake aikute. Hilo la kutunza liige. Kuta nne zinaweza kusubiri.

Sasa nifike nilikotaka kufika tangu mwanzo. Uko Tanga, na wewe ni mwanamke. Huko kwenu kabla ya ndoa kuna singo, kuna kupamba, kuna kesha, kuna sherehe za wanawake watupu ambapo bibi harusi anavua mtandio na kucheza. Mimi mwanamume siwezi kuvuka mlango ule, wala kamera yangu ya mamilioni. Mara nyingi shughuli hizo zinapigwa kwa simu na binamu, picha zinatetemeka, na kesho yake zimeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp wanakoziona wasiopaswa. Akina mama wengi ninaowajua wangelipa vizuri kumpata mwanamke anayejua kazi, anayekuja na msaidizi wa kike, na ambaye picha zake haziwezi kuvuja. Neno la mwisho hilo ndilo bidhaa yako. Wewe ni mwalimu. Mji umekwisha kukukabidhi watoto wake. Hapo unaanza na mtaji ambao benki haina.

Ila uaminifu wa aina hiyo hujengwa kwa taratibu, na mteja azione. Uhariri mwenyewe, usimpelekee kijana wa mtaani hata ukizidiwa. Kompyuta iwe na nywila ambayo hata mwanao haijui. Mkubaliane kwa maandishi picha zitakaa kwako muda gani, nani atazipokea, na kwamba hutaweka hata moja mtandaoni bila ruhusa ya bibi harusi mwenyewe, kwa kila picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Utaniuliza, sasa nitajitangaza vipi? Piga mikono yenye hina, vidole vinavyofunga vikuku, sinia la asumini na viluwa, upindo wa leso, kisogo kilichosukwa. Picha hizo hazimfichui mtu, na mama mwenye binti wa kuoza akiziona ataelewa kwamba unajua kutazama.

Kazi nyingine nazitaja kwa kifupi. Picha za bidhaa kwa wanaouza madera na vitenge mtandaoni zinalipa kidogo kidogo lakini zinafanyika kwenye baraza lako saa kumi jioni, na hujaza ile miezi ya ukimya. Kuskani na kusafisha picha za zamani za familia ni kazi tulivu, inayomfaa mtu mwenye ajira. Mahafali ni pesa nzuri, ila usipige ya shule unayofundisha bila mkuu wa shule kujua na kuridhia, maana mzazi atajiuliza kama alikuwa na hiari ya kukataa.

Ndugu nao tuwaseme. Hutaweza kuwakwepa, na sidhani kama inafaa. Chagua shughuli mbili kwa mwaka utakazozipiga kama zawadi, useme waziwazi kuwa ni zawadi. Nyingine zote, jibu liwe moja, kwa heshima: "Shangazi, siku hiyo nitakuja kama mgeni nile pilau. Ukitaka nije kikazi, bei ni hii, na wewe nakupunguzia hiki." Andika bei kamili, kisha andika punguzo chini yake, alione. Soda na asante vinaendelea kwa sababu hakuna aliyewahi kuonyeshwa gharama.

Kwa kila kazi, hata ya jirani, kuwe na ukurasa mmoja: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, nusu ya malipo kabla na nusu nyingine kabla ya kukabidhi, na nini kitatokea shughuli ikiahirishwa. Andika pia nani ana haki ya kuzitumia picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, lakini ugomvi mwingi niliouona ulianza kwa sababu hakuna aliyezungumza mapema, mpaka duka la mapambo lilipoibandika kwenye bango.

Yako mambo ambayo barua haiyatoshi. Kabla ya harusi ya tatu ya kulipwa, nenda mwenyewe TRA, mamlaka ya mapato, uchukue TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo ni bure, na uulize ukiwa mwajiriwa mwenye biashara ndogo unaangukia wapi. Nenda na daftari la mauzo, maana mwenye kumbukumbu huhudumiwa tofauti na asiye nazo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni iko halmashauri. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Tanga, waombe mafunzo kabla ya kuomba pesa. Kama umeajiriwa na serikali, mweleze mwajiri wako mapema kuhusu kazi hii ya pembeni, isije ikagongana na saa zake. Na kama umekwisha kusaini karatasi yoyote ya benki, usisubiri jibu jingine kutoka kwangu: chukua mkataba, nenda kesho ukaulize masharti ya kusitisha kabla pesa haijaingia.

Jingine la ana kwa ana: mtafute mpiga picha mzoefu, hata kama itabidi uende Korogwe au Dar, umwombe umbebee taa kwa harusi mbili bila malipo. Mwangalie anavyozungumza na watu, kamera mwachie mwenyewe.

Mume wako yuko sahihi kwa nusu. Raha inaweza kweli kuondoka, na huondoka kwa njia moja ninayoijua: unapoacha kupiga picha zisizo na mteja. Mimi Jumatatu asubuhi sipigi picha ya mtu yeyote kwa pesa, miaka mingi sasa. Kaa naye mfungue hilo daftari, mpangiane mwaka mmoja: harusi ngapi kwa mwezi, wikiendi zipi ni za nyumbani, na kiasi gani kikifikiwa mtazungumza upya habari ya kuacha kazi. Ningekushauri isiwe kabla picha hazijakulipa nusu ya mshahara wako kwa miezi kumi na miwili mfululizo, Ramadhani ikiwemo.

Na Yashica ya baba. Itoe kabatini leo, maana joto na unyevu wa bahari ya Tanga huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kabati la nguo ndilo shamba lake. Fungua tundu lote, elekeza lenzi dirishani, tazama ndani kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama za buibui, ipeleke kwa fundi kabla hazijala kioo. Ukiona safi, iweke kwenye kopo linalofunga hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Shata ya FX-3 ni ya kimakanika, betri yake ni ya kipima mwanga tu, kwa hiyo bila betri bado inapiga. Usiipeleke kwenye harusi ya mtu. Tafuta mkanda mmoja wa picha 36, na mara moja kwa juma, siku isiyo na mteja, ipakate ushuke nayo Raskazone jua linapoanza kulegea.